Kwenda Namugongo kwa Miguu na Kufika Mzima

Kila mwaka, kuanzia katikati ya Mei, barabara ya kutoka Busia kwenda Kampala hujaa watu wenye rozari shingoni na mabegi mgongoni. Wapo waliotoka Kakamega na Bungoma, wapo wanaokuja kwa njia nyingine kutoka Tanzania, Rwanda na Kongo, na Waganda wenyewe hutoka kila upande wa nchi. Wote wanawahi Namugongo kabla ya tarehe 3 Juni, sikukuu ya Mashahidi wa Uganda: Wakatoliki 22 na Waanglikana 23 waliouawa kati ya 1885 na 1887, enzi za Kabaka Mwanga. Kundi kubwa miongoni mwao lilichomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886, baada ya kutembezwa kwa miguu kutoka Munyonyo. Ndiyo maana wapo waumini ambao hawataki kabisa kusikia habari za basi.

Kutoka mpaka wa Busia hadi Namugongo ni karibu kilomita 190. Mtu mwenye afya ya kawaida, awe mwalimu, mama wa genge au kijana wa bodaboda, anaweza kuzimaliza kwa siku nane au tisa. Wengi wanaoachia njiani hawashindwi na umbali. Wanashindwa na siku ya kwanza. Wanatoka na nguvu zote, wanakata kilomita 40 huku wakiimba, na kesho yake asubuhi viatu haviingii. Safari ndefu ya miguu ni kazi ya kujizuia: kujizuia kukimbia, kubeba vingi, kuonyesha kwamba unaweza. Ukilishika hilo, mengine yote ni utaratibu tu, na utaratibu huo utakufaa hata kama huendi hija bali unatembea kuchangia ujenzi wa zahanati ya kijijini kwenu.

Anza wiki nane kabla

Miguu hufundishwa polepole. Pumzi hupatikana baada ya wiki chache tu, lakini kano, vifundo na ngozi ya nyayo huchukua muda mrefu zaidi, na hivyo ndivyo vinavyoangusha watu.

Wiki ya kwanza tembea siku tatu, saa moja kila siku, kwa mwendo unaokuwezesha kuongea bila kuhema. Mwisho wa wiki weka mwendo mmoja mrefu wa kilomita 8. Kila wiki ongeza mwendo huo mrefu kwa kilomita mbili au tatu, hadi ufike 20 katika wiki ya sita. Wiki ya saba fanya jambo ambalo wengi hulikwepa: tembea kilomita 20 Jumamosi, halafu uamkie nyingine 15 Jumapili. Hiyo Jumapili ndiyo itakayokuambia ukweli, kwa sababu safari yenyewe ni kuamka umechoka na kuanza tena. Wiki ya nane punguza hadi nusu na ulale vizuri.

Mazoezi yote yafanye na viatu vilevile, soksi zilezile na begi lilelile utakalokwenda nalo. Pima pia kasi yako. Kwenye tambarare, bila mzigo, watu wengi huenda kilomita 5 kwa saa. Weka begi, jua na mapumziko, utabaki na 4. Kwa hiyo kilomita 24 ni kazi ya saa sita, na mipango ya msafara ihesabiwe hivyo.

Umri peke yake si kizuizi. Oktoba 1967 Mwalimu Nyerere, akiwa na miaka 45 na nchi nzima mabegani, alitembea kutoka Butiama hadi Mwanza kwenye mkutano wa TANU, zaidi ya kilomita 200. Lakini mwenye shinikizo la damu, kisukari, ugonjwa wa moyo au mimba amwone daktari kabla ya kuanza mazoezi, asingoje hadi wiki ya kuondoka.

Miguu

Usiende na viatu vipya. Raba nzuri ni ile iliyokwisha kutembea nawe wiki kadhaa, yenye soli ambayo bado haijalika upande. Inunue jioni, baada ya kushinda umesimama, kwa sababu miguu huvimba kadiri siku inavyokwenda. Ukiwa umevaa soksi zako za safari, pabaki nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ya kidole kirefu kuliko vyote. Kama umezoea katambuga za matairi tangu utotoni, nenda nazo kwa amani. Kama hujazoea, barabara ya lami si mahali pa kuzijaribia.

Soksi za pamba tupu hunyonya jasho na kulishikilia. Chagua za sufu au za mchanganyiko wa nailoni, jozi tatu: moja mguuni, moja kavu begini, moja ikining'inia nje ya begi ikikauka. Kucha zikate siku tatu nne kabla ya safari, moja kwa moja bila kuzungusha pembeni. Kila asubuhi jipake mafuta ya mgando katikati ya vidole, kisiginoni, na kwenye mapaja yanakosuguana.

Lengelenge huletwa na vitu vitatu vikikutana: joto, unyevu na msuguano. Kabla halijatoka, mahali pake huwaka kwa dakika kumi au ishirini, kama kuna chembe ya mchanga ndani ya soksi. Hapo ndipo pa kusimama. Usiseme nitafika kituoni kwanza. Kaa kwenye jiwe, vua kiatu, kung'uta mchanga, kausha mguu, bandika plasta bila mikunjo, badili soksi, endelea. Kazi hiyo ya dakika tano inaweza kuokoa siku tatu.

Likishatoka na ni dogo lisilouma, liache na ulikinge. Likiwa kubwa limejaa maji na linakuchechemesha, litoboe jioni ukiwa umetulia. Osha mikono na mguu kwa sabuni. Futa lengelenge na sindano kwa spiriti. Choma pembeni, sehemu ya chini, matundu mawili madogo, kisha kamua taratibu kwa kipande cha shashi hadi ngozi ilale. Ngozi hiyo usiichune. Ndiyo bandeji bora kuliko zote. Funika kwa shashi safi na plasta, na ubadilishe kila jioni. Wekundu ukianza kusambaa, usaha ukitoka, au ukaona mstari mwekundu unapanda mguuni, hiyo si kazi ya sindano tena, nenda kituo cha afya. Mwenye kisukari asijitoboe hata kidogo.

Mzigo

Wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba pembe za ndovu kwenda pwani walichukua karibu kilo 30 kila mmoja, lakini hiyo ilikuwa kazi yao ya maisha. Wewe usizidishe sehemu moja ya kumi ya uzito wako. Mwenye kilo 70 abebe kilo 7, maji yakiwemo.

Kilo saba zinatosha, ukijua cha kuacha. Chukua shuka moja, nguo za kubadili seti moja, koti la mvua, kwa maana mwishoni mwa Mei mvua bado zipo, kofia pana, tochi ya kichwani, ndala za jioni, sabuni, dawa ya meno, chupa mbili za maji za lita moja moja, vidonge vya kutibu maji, na kifuko cha huduma ya kwanza chenye plasta, shashi, spiriti, sindano, dawa ya maumivu na pakiti za chumvichumvi za kuzuia upungufu wa maji mwilini. Wanawake wabebe taulo za hedhi hata kama tarehe haijafika, kwani safari huvuruga mzunguko. Kanga moja nayo ina kazi zaidi ya kumi, kuanzia kivuli hadi pazia la kuogea. Hati ya kusafiria au kitambulisho, pamoja na cheti cha chanjo ya homa ya manjano, vifunge kwenye mfuko wa plastiki uliokaa mwilini, si begini.

Siku mbili kabla ya kuondoka, mwaga kila kitu kitandani na uondoe ulichoweka "endapo". Jinzi ya pili, kitabu kinene na sufuria huishia kugawiwa watu barabarani.

Saa za kutembea

Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe na Ujiji, mwendo wa karibu kilomita 1,200, ilikuwa na desturi ambazo hazijapitwa na wakati. Kambi ya kwanza ilipigwa karibu na mji, hatua chache tu. Aliyesahau kitu alirudi kukichukua, mizigo iliyofungwa vibaya ilifungwa upya, na miguu ilionja njia kabla haijapewa kazi. Baada ya hapo waliondoka alfajiri, na kabla jua halijawa kali walikuwa wamekwisha kutua.

Nawe fanya hivyo. Siku ya kwanza tembea kilomita 12 hadi 15, hata kama kundi zima linalalamika kwamba bado lina nguvu. Siku ya pili 20. Kuanzia ya tatu, 24 au 25. Katikati ya safari weka siku moja nyepesi ya kilomita 10 au ya kupumzika kabisa. Jinja ni mahali pazuri, kuna mto, maduka ya dawa na hospitali, na mbele yako zimebaki takriban kilomita 80 kufika Kampala, pungufu kidogo kwa anayeishia Namugongo.

Amka saa kumi na moja, kunywa uji, paka miguu mafuta, na uondoke mara tu unapoweza kuona uso wa jirani yako, kama saa kumi na mbili na robo. Kila baada ya saa moja pumzika dakika kumi. Kila pumziko la pili vua viatu na soksi, inua miguu juu ya begi. Saa tano hadi saa tisa alasiri ni za kivuli: kula, kulala, kufua soksi. Zilizobaki, kilomita tano au sita, zimalize jioni na uwe umefika kabla giza halijaingia.

Wenye misafara walipokabiliwa na nyika isiyo na maji, kama Mgunda Mkali, walikuwa na mbinu waliyoiita tirikeza. Walipika na kunywa kwenye kisima cha mwisho mchana, wakaondoka alasiri, wakalala njiani pasipo maji, na asubuhi na mapema wakafika kisima cha mbele. Sehemu ngumu waliigawa katika nusu mbili za siku zenye ubaridi, jua la adhuhuri likawakuta wamepumzika. Barabara ya Busia haina ukame huo, lakini hesabu ni ileile kwa mlima au kipande kisicho na kivuli: kipangie saa ya ubaridi. Msitu wa Mabira, kati ya Jinja na Lugazi, uingie asubuhi na utoke mchana mkiwa kundi. Kulala humo hapana.

Barabarani

Hatari kubwa ya safari hii ni magari. Hii ndiyo njia ya malori yanayotoka Mombasa kwenda Kampala, Kigali na Kongo, na dereva wake huenda ameendesha usiku kucha. Uganda magari hupita kushoto, kwa hiyo wewe tembea kulia, uso kwa uso na yanayokuja. Nendeni mstari mmoja. Wa mbele na wa nyuma wavae vizibao vya kuakisi mwanga kama vya bodaboda. Masikioni pasiwe na muziki. Malori mawili yakipishana, teremkeni kabisa kwenye nyasi na mshike kofia, maana upepo wake unayumbisha mtu. Bodaboda hupita popote, hata pembezoni na kwa kinyume, kwa hiyo usihame ghafla bila kutazama nyuma.

Lami huinamia pembeni ili maji ya mvua yateremke. Ukitembea kwenye mwinamo huo siku nzima, nyonga na goti la upande mmoja hulipa gharama. Palipo na njia ya udongo iliyo sawa kando ya lami, itumie. Ni laini pia kwa nyayo.

Maji na chakula

Juani, nusu lita kwa saa ni makadirio mazuri ya kuanzia, kisha fuata kiu na rangi ya mkojo. Ukiwa wa njano iliyofifia uko salama. Ukiwa kama chai ya rangi umechelewa kunywa. Lakini kunywa maji matupu kupita kiasi, lita baada ya lita huku unatoka jasho, nako ni hatari: chumvi ya damu hushuka, na mtu huanza kuumwa na kichwa, kutapika na kuchanganyikiwa. Ndiyo sababu ya kula vitu vyenye chumvi njiani. Pakiti za chumvichumvi zikiisha, tengeneza yako: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Usizidishe chumvi.

Kula kidogo kidogo tangu asubuhi. Ndizi, karanga, viazi vitamu, mihogo na mayai ya kuchemsha hupatikana kila senta. Chapati iliyoviringishiwa mayai, ambayo Waganda huiita roleksi, inakupeleka saa tatu bila njaa. Namawojjolo, kabla ya Mukono, wauzaji watakukimbilia na kuku wa kuchoma na gonja. Kula kilichotoka motoni sasa hivi na uache kachumbari. Tumbo la kuhara humwangusha hujaji upesi kuliko lengelenge. Maji ya bomba na kisima yatibu kwa vidonge au yachemshe, na nawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa chakula.

Msafara

Kundi la watu kumi hadi kumi na tano linaendesheka. Likizidi, ligawanyeni. Zamani kirangozi alitangulia na bendera, na hakuna aliyeruhusiwa kumpita. Rudisheni sheria hiyo. Nyuma yake awekwe mtu mwenye mwendo mdogo kuliko wote, si mkiani, kwa sababu wa mkiani hufika kwenye pumziko wenzake wakiwa wanasimama kuondoka, na siku nzima hapumziki. Mkiani abaki mtu imara mwenye simu na dawa. Kila mkisimama, hesabuni watu kwa sauti. Vijana wakinung'unika, wakumbusheni kwamba kutangulia si kufika.

Malazi yatafuteni kabla. Parokia nyingi za njiani hupokea mahujaji, na shule nazo, lakini andikeni barua au pigeni simu wiki kadhaa mapema, mseme mko wangapi, wanaume wangapi, wanawake wangapi. Mkifika kijijini msipojulikana, mwenyeji wenu wa kwanza ni mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji. Msalimieni, mjitambulishe, mwonyesheni barua ya paroko wenu. Asubuhi fagieni mlipolala na mwache choo kisafi kuliko mlivyokikuta. Mwakani kuna wengine watabisha hodi hapo hapo.

Maumivu ya kuvumilia na yasiyovumilika

Mapaja mazito, mabega kulalamika, nyayo kuwaka jioni, hayo yatazoeleka kufikia siku ya tatu au ya nne. Maumivu yanayobadili mwendo wako, ukaanza kuchechemea au kukanyagia upande, hayavumiliwi. Pumzika siku nzima, maana ukichechemea kwa mguu wa kushoto leo, kesho nyonga ya kulia itakuwa mgonjwa wa pili. Maumivu makali sehemu moja ya mfupa wa muundi, goti lililovimba, au kigimbi cha mguu mmoja kuvimba, kuuma na kuwa na joto, ni ya daktari siku hiyohiyo. Mtu akianza kuongea ovyo juani huku mwili unawaka, aingizwe kivulini, amwagiwe maji mwili mzima, apepewe, na gari litafutwe mara moja.

Kwa hiyo kila mtu awe na nauli iliyofungwa kando, isiyoguswa kwa jambo jingine. Kupanda matatu kwa kilomita 20 na kuungana na wenzako jioni si aibu, na msafara ukubaliane hivyo kabla ya kuondoka ili pasiwe na wa kumcheka mwenzake.

Kufika, na kurudi

Pangeni kufika tarehe 1 Juni. Tarehe 2 na 3 Namugongo hupokea mamia ya maelfu ya watu, na anayeingia usiku wa mwisho hulala alipobanwa. Wekeni mahali pa kukutania panapojulikana na wote, maana mtandao wa simu huzidiwa, na fedha zikae mbele ya mwili.

Kurudi kwa basi kuna adabu yake. Baada ya siku nane za kutembea, miguu iliyokunjwa saa kumi huvimba vibaya. Basi likisimama, shuka utembee dakika chache. Ndani ya basi vua viatu na uchezeshe vifundo. Wiki ya kwanza nyumbani tembea kidogo tu, na ukucha uliogeuka mweusi uache wenyewe, utang'oka kwa wakati wake.

Kuhusu tarehe, hesabu kwa kurudi nyuma. Kufika Juni 1 kwa siku tisa maana yake ni kuvuka Busia Mei 24. Wiki nane kabla ya hapo ni mwisho wa Machi. Barua za parokia ziende Aprili, chanjo ichomwe mapema kwa kuwa cheti huanza kutambuliwa siku kumi baada ya sindano, na viatu vinunuliwe kabla ya mazoezi ya kwanza. Aliyekuwa na nia lakini akakumbuka katikati ya Mei aende mwaka huu kwa basi, asali vizuri, na aanze kutembea akirudi nyumbani. Mwakani njia itakuwepo.